Ng'ombe wa Mama na Makadirio ya Kodi

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ng'ombe. Sitanii. Mama alikuwa na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, aliyemnunua kwa fedha ya pamba ya shamba lake mwenyewe huko Shishiyu, na mtamba huyo ndiye aliyepelekwa mnadani ili mimi nipate kamera. Baba mdogo, ambaye tangu baba afariki alijifanya msemaji wa mji wetu, alinyamaza siku nzima ya mnada. Jioni akauliza, macho ameyatupa pembeni, kama ni kweli mtamba aliyekuwa tayari kupandwa ameuzwa ili kijana mzima akachungulie harusi za watu kwenye kitundu. Mama akamjibu kwamba ng'ombe hajauzwa, amehamia Bariadi, na huko ataendelea kuzaa kama kawaida.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu kamera ikawa ng'ombe. Mama akipiga simu anauliza kwanza kama nimekula, halafu anauliza ng'ombe anaendeleaje. Niliponunua stendi ya kusimamishia kamera alisema ng'ombe amezaa dume jembamba. Taa mbili alizipokea kama mapacha. Nilipomwambia sasa nina droni, kamera ndogo inayopaa juu ya watu na kuwapiga video kutoka hewani, aliuliza mara mbili kama nimesema inapaa, kisha akamcheka huyo ndama anayeruka mpaka salio likaisha. Nilimpenda sana kwa kicheko kile, na ninampenda kwa hicho mpaka leo.

Kazi ya kupiga video za harusi huku kwetu inafuata pamba. Pamba ikishauzwa, watu wanaoa, wanaolewa, wanapeleka watoto kipaimara, na kamati za harusi zinanigombania kama mimi ndiye bwana harusi. Nimepiga video Malampaka treni ya mizigo ikipita katikati ya kiapo, padri akabaki mdomo wazi akisubiri mabehewa yaishe. Nimekwenda kupiga huko Sola nikiwa nimebebwa na bodaboda, taa nimezikumbatia kifuani kama mgonjwa. Lakini mvua zikianza, kila mtu yuko shambani na jembe lake, na hakuna mzazi mwenye akili atakayekubali binti aolewe wakati wa palizi. Hapo ndipo Jumamosi zinapokuwa nyeupe, hakuna anayepiga simu, na mimi ninakaa nikifuta vumbi kwenye lenzi ambayo nimeshaifuta.

Jumamosi za namna hiyo nilikuwa napanda basi kwenda Shishiyu. Mama akinikuta mlangoni namwambia kazi zimezidi, nimeamua nipumzike kidogo, nije nimsalimie. Naye anasema nimefanya vizuri, mtu hafanyi kazi bila kupumzika. Anachemsha michembe, vile viazi vikavu ambavyo mtu aliyekulia mjini hatavielewa, anatoa maziwa ya mgando, tunakaa. Baba mdogo akipita, mama anamweleza kwa sauti kwamba kijana kachoka, mjini wanamsumbua sana na harusi zao.

Kwa miaka kadhaa niliishi hivyo bila kujua kama mimi ni mfanyabiashara. Nilikuwa kijana mwenye kamera. Kilichonibadilisha ni taasisi moja iliyonikodi kurekodi mafunzo ya wakulima. Kazi nikaifanya vizuri, nikaenda kuchukua malipo, mhasibu wao akaniomba namba ya mlipa kodi, leseni na risiti ya mashine. Nilimtazama kama mtu aliyeniomba cheti cha kuzaliwa cha babu yangu. Hakunilipa mpaka nilipozunguka ofisi zote, nikapata namba, nikapata leseni ya halmashauri, nikapanga fremu, chumba cha duka, karibu na soko na kuandika mlangoni kwa rangi nyekundu kwamba hapa tunapiga video za sherehe zote.

Hata baada ya hapo fedha haikuja yote. Walikuwa wamekata sehemu na kuniambia ni kodi ya zuio, wakanipa na cheti chake. Niliona nimeibiwa kistaarabu. Kile cheti nilikikunja mara nne nikakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, meza ikatulia. Baadaye sana ndipo nilipofundishwa kwamba ile karatasi ilikuwa fedha yangu, kodi ambayo nimeshalipa na ambayo ningehesabiwa mwisho wa mwaka. Kulikuwa na zuio la pango pia: mwenye fremu aliponidai kodi ya nyumba, sheria ilikuwa inanitaka mimi mpangaji nimkate sehemu nikailipe ofisi ya mapato kwa niaba yake. Nilipojaribu kumweleza jambo hilo mwenye fremu, aliniuliza kwa upole kama nimepata fremu nyingine.

Basi mwaka huohuo wa kwanza wa fremu, msimu wa pamba ukiwa umeshavuka nusu, mama alikuja Bariadi kuangaliwa macho. Akakaa kwangu. Asubuhi tunaongozana mpaka dukani, namwekea benchi kivulini nje ya mlango, naye anakaa hapo akiwa amejifunga kitenge kipya, anawasalimia wapita njia kana kwamba duka ni lake. Na kweli lilikuwa lake. Mimi nilikuwa ndani, hedifoni masikioni, ninahariri harusi ambayo wajomba wa bibi harusi walikuwa wamesimama mbele ya kamera kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Siku hiyo alikuja dada mmoja amebeba faili. Alikuwa afisa wa mapato, anapita kwa wale tuliosajiliwa karibuni aone biashara zetu kabla ya kukamilisha makadirio, yaani kukisia mtu ataingiza kiasi gani kwa mwaka na hivyo atalipa kodi gani. Mimi sikumsikia. Alichokifanya, kama mama alivyonisimulia baadaye, na sikuja kumlaumu kwa hilo, ni kumsalimia mama kwanza, tena kwa heshima. Alipiga goti kidogo, akasema mwadila mayu, salamu ya Kisukuma kwa mama, akaulizwa habari za kwao, akaulizwa ukoo, na kabla hata hajaeleza shida yake walikuwa wameshagundua kwamba bibi yake mmoja aliolewa upande wa kwetu. Mama akamsogezea nafasi kwenye benchi. Dada akauliza, kama mtu anavyouliza mahali popote, kazi za kijana zinaendaje.

Mama alikuwa amesubiri swali hilo tangu siku ya mnada. Shishiyu nzima haikuwahi kumuuliza. Alimwambia kijana hapumui, kila Jumamosi yuko harusini na Jumapili anamalizia. Watu wanaanza kumuwahi yeye ndipo wanakwenda kwa padri. Malampaka wanamtaka, Sola wanamtaka, wengine wakikosa fedha wanampa mbuzi. Vyombo vilivyomo humo ndani vyote vimezaliwa na ng'ombe mmoja tu, na sasa kuna mpaka kinachoruka. Alitia chumvi kwa mkono wote. Nilipovua hedifoni kwa sababu ya joto nilisikia mwisho wake tu, nikatoka na kumkuta mgeni anaandika, anatabasamu, na mama anamwangalia akiandika kwa furaha ya mtu anayeona jina la mwanawe likiingia kitabuni.

Dada alijitambulisha. Nikamkaribisha ndani. Mama akafuata, akasimama mlangoni. Dada akaniambia amepata maelezo mazuri kwa mama, anataka tu kuyahakikisha: je, ni kweli ninapata sherehe kila wiki, mwaka mzima? Pale ndipo penye kosa langu, na nadhani ni watu wa kwetu tu wanaoweza kulifanya. Mtu mwingine angelia hali ngumu mbele ya afisa wa kodi hata kama anaogelea kwenye noti. Mimi nilimtazama mama mlangoni. Nikafikiria kumwambia mgeni, yeye akisikia, kwamba ng'ombe wake anakamuliwa miezi michache tu kwa mwaka na miezi mingine anakula bure. Sikuweza. Nikasema ndiyo, kazi zipo, tunamshukuru Mungu.

Dada akazidisha Jumamosi zote za mwaka kwa bei ya harusi moja. Kile alichopata sikuwahi kukiona kwangu kikiwa kimekaa pamoja. Akanieleza bila ukali kwamba makadirio hayo ni ya mwanzo, na kwa kuwa ninatoa huduma, ninatakiwa niandae hesabu zangu, nitozwe kwenye faida baada ya kuondoa gharama. Kama kuna tofauti, nipeleke kumbukumbu ofisini kabla hajayafunga. Vinginevyo ningelipa kwa awamu nne, ya kwanza ikiwa karibu. Akamuaga mama kwa goti tena. Mama akamwambia wabeja, yaani asante, akamtaka apite siku nyingine wazungumze zaidi.

Nilifanya hesabu yangu mwenyewe pale mezani, na haikuhitaji muda. Ile awamu ya kwanza ningeweza kuilipa kwa kuuza droni. Ya pili ningeuza kamera. Kulikuwa na mpiga video wa Maswa mjini aliyekuwa ananiulizia bei ya ile kamera tangu zamani, kwa utani wa mtu ambaye hatanii. Baada ya hapo ningerudi kuwa kijana asiye na kamera, na ng'ombe wa mama angekuwa amekufa kweli, baba mdogo akiwa shahidi.

Nilijitahidi kumficha, lakini mtu akiacha ugali kwa mama yake haulizwi mara moja tu. Wakati wa chakula cha jioni nikamwambia kodi imekuja kubwa, huenda nikauza kimoja au viwili kati ya vile vyombo. Akanawa mikono polepole. Akauliza kama ni kwa sababu ya yale aliyoyasema kwenye benchi. Nikasema hapana, ni mambo ya serikali tu. Akanyamaza kama anavyonyamaza akiwa amejua kwamba namdanganya na amenisamehe, kisha akasema siku nitakayokwenda huko ofisini tutakwenda wote.

Siku zilizofuata nilikuwa natafuta kumbukumbu. Risiti zangu zilikuwa kwenye ndoo ya rangi, zile zilizokuwepo. Nilipozimwaga sakafuni nikakuta nusu yake ni karatasi nyeupe. Risiti za mashine zinafutika kwa joto, na ndoo ilikuwa imekaa chini ya bati kipindi chote hicho. Mafuta ya pikipiki ya kukodi yamefutika, betri zimefutika, imebaki ya bati za fremu na ya memori kadi. Mpiga picha mzima, mwenye kamera na droni ndani ya nyumba, sikuwahi kufikiria kuzipiga picha risiti zangu. Nilicheka peke yangu pale sakafuni, kicheko kisicho na raha. Cheti cha zuio nilikitoa chini ya meza kikiwa na alama ya mguu, meza ikaanza kuyumba tena.

Vilivyoniokoa kidogo ni vitu viwili. Kimoja ni taarifa ya miamala ya simu, maana kamati za harusi hulipa kwa simu na mimi hulipia karibu kila kitu kwa simu. Kingine ni diski. Kila sherehe niliyopiga ina mfuko wake wa mafaili kwenye diski, na kila mfuko una tarehe ambayo kamera yenyewe imeiandika. Nilipozipanga, msimu wa pamba ulijaa mpaka ukafurika. Kabla na baada yake kulikuwa na tarehe moja hapa, nyingine kule, katikati hakuna kitu. Nilizitazama zile nafasi tupu kwa aibu niliyokuwa sijajua kama ninayo.

Siku ya kwenda ofisini mama alivaa kile kitenge kipya na viatu vya kanisani. Njiani aliniuliza anatakiwa aseme nini. Nikamwomba, kwa heshima zote, asiseme chochote. Akakubali haraka mno.

Yule dada alitukaribisha vizuri, akamletea mama kiti chenye mto. Tukaanza na gharama. Ilikuwa kama kuchambua mchele, hiki kinakubalika, hiki hakikubaliki. Pango la fremu likakubaliwa, pamoja na wito mpole kwamba nikamkumbushe mwenye fremu ile kodi yake. Umeme ukakubaliwa, bando la intaneti, nauli, matengenezo ya kamera, ujira wa mtu ninayemkodi harusi ikiwa kubwa. Gharama ambazo risiti zake zimefutika alizikataa karibu zote, isipokuwa zile zilizoonekana kwenye miamala ya simu, na akaniambia kuanzia sasa nizitoe nakala siku ileile. Nilijaribu kupenyeza suti yangu nyeusi ya harusini. Nikamweleza kwamba bila suti siruhusiwi kusogea hata karibu na keki. Akaniuliza kama suti hiyo siivai kanisani. Mama, aliyeahidi kukaa kimya, akaitikia kwa kichwa kuthibitisha kwamba naivaa kila Jumapili.

Mbuzi wa Sola naye akafika mezani. Nilidhani mbuzi si fedha, kwa hiyo sikumwandika. Dada akasema malipo ni malipo, hata yakiwa na mkia, nimwandike kwa bei ya mnada wa wakati ule. Nikamwambia mbuzi mwenyewe tulimla. Akasema hata mshahara huliwa.

Halafu tukafika kwenye uchakavu. Dada akageuza kalamu, akaeleza kwa utaratibu kwamba kifaa cha kazi kama kamera hakiondolewi chote kwa mara moja. Kila mwaka kinahesabiwa kuwa kimepungua thamani, na kile kilichopungua kinatolewa kwenye mapato, kodi inashuka. Nilikuwa nimeanza kufurahi. Hapo mama akasogea mbele kwenye kiti chake chenye mto.

Aliuliza nani kasema ng'ombe wake amepungua. Aliuliza kwa adabu, lakini mgongo ulikuwa umenyooka. Alieleza kwamba yeye amefuga tangu akiwa binti na hajaona ng'ombe anayetunzwa vizuri akipungua kila mwaka kwa sababu tu mwaka umepita. Huyu alikwenda mjini akiwa mmoja, sasa kuna stendi, kuna taa mbili, kuna kompyuta, kuna kile kinachoruka. Waende wakamwone wenyewe. Dada alikuwa hajui kwamba ng'ombe huyo ndiye kamera, akanitazama. Ikabidi nimsimulie mnada wa Shishiyu mwanzo hadi mwisho, pale pale, huku foleni nje inaongezeka. Aliposikia akaweka kalamu chini. Akamweleza mama kwamba ni kwenye karatasi tu, na kwamba kadiri karatasi inavyosema kamera imechakaa ndivyo kijana anavyobakiwa na fedha ya kuitunza. Mama akasema kama ni karatasi, sawa, lakini asije mtu Shishiyu akasoma hiyo karatasi kwa sauti.

Niliona mapenzi yale, nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Nilishukuru kwamba habari za Jumamosi hazijatajwa mbele ya mama. Lakini dada hakuwa amesahau. Alikuwa na diski yangu kwenye kompyuta yake, anateremka na tarehe, na alipofika kwenye miezi ya mvua akasimama. Akasema kitu kimoja kinamsumbua. Siku ile dukani nilikubali kwamba ninapata sherehe kila wiki. Sasa ninaleta mafaili yanayoonyesha miezi karibu mitupu, na mafaili mtu anaweza kuyafuta. Akauliza ni lipi la kweli, lile nililolisema kwa mdomo wangu au hili.

Jibu lilikuwa jepesi. Lilikuwa neno moja au mawili, nami nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mama alikuwa ameketi mkono mmoja kutoka kwangu, na kulitoa neno lile ilikuwa kumwambia kwamba kila mara alipomtangazia baba mdogo kwamba kijana kachoka na kazi, kijana hakuwa na kazi. Nilifungua mdomo, nikaanza kueleza habari za palizi na mvua kwa jumla, kama mtangazaji wa hali ya hewa.

Mama akagusa meza kwa vidole. Akamwambia dada, "Mwanangu, niulize mimi. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Dada akamwambia hapana mayu, hakuna aliyesema amedanganya. Mama akaendelea tu, hakumtazama yeye wala mimi, alikuwa anaitazama ile mikono yake.

"Jumamosi akiwa hana kazi anakuja kwangu. Anasema amekuja kupumzika. Mvua ikianza mpaka pamba ichanue, anakuja karibu kila wiki. Mtu aliyechoka na kazi analala, mimi nimelea, najua. Huyu halali. Anakaa anaangalia simu kama italia."

Nje mtu alikuwa anabishana na mlinzi kuhusu mahali pa kuegesha pikipiki, na nilimsikiliza huyo mtu kwa makini sana kwa sababu macho yalikuwa yameanza kunizidi nguvu. Alikuwa anajua. Wakati wote nilipokuwa nafika na maneno yangu ya kupumzika, alikuwa anajua, na alikuwa anaenda kuwatangazia watu uongo ule ule niliompa, ili mimi nisijue kwamba anajua.

Dada akauliza, kwa sauti ya chini sasa, kwa nini basi siku ile dukani alisema kila Jumamosi. Mama akamjibu kwamba alikuwa hajui kama yeye ni mtu wa kodi. Alidhani ni mtu amekuja kumtazama mwanawe.

Sitaki nimsifu afisa wa serikali kupita kiasi, watu watadhani nimepunguziwa kitu kwa njia za panya. Alifanya kazi yake tu. Alilinganisha tarehe za diski na miamala ya simu, akaona zinakubaliana, miezi ya pamba imejaa pote na miezi ya mvua imekauka pote. Akaondoa gharama zilizokubalika, akaondoa uchakavu, akakihesabu na kile cheti chenye alama ya mguu wa meza. Makadirio yakashuka mpaka mahali ambapo ningeweza kuyalipa kwa awamu bila kuuza hata waya. Bado yaliniuma, kodi haijapata kuwa tamu, lakini maumivu yake yalinienea. Akaniagiza nifungue daftari la kila siku na nikirudi mwakani nisije na ndoo. Kisha akamwambia mama kwamba ng'ombe wake atabaki zizini. Mama akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Tulitoka tukatembea kuelekea stendi, maana alitaka kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, kuku wake wamekaa siku nyingi na watu wasiojua kuwahesabu. Nilimbebea mfuko wake, nikamnunulia maji na ndizi za njiani, nikamchagulia siti ya dirishani upande usio na jua. Alipokaa akafungua dirisha, akanipangusa vumbi begani kana kwamba ndiyo kwanza naenda shule.

Akaniuliza kama Jumamosi ijayo nina kazi. Pamba ilikuwa inaelekea ukingoni wakati huo na simu yangu ilikuwa imeanza kunyamaza. Nilimwambia sina. Nilisema hivyo tu, sikuongeza habari za kupumzika. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema basi nije mapema, atachemsha michembe, na nije na ng'ombe, kwa sababu tangu alipoondoka hajarudi nyumbani hata siku moja.